Urithi wa Shangazi Sechelela

Wenzangu walirithi mitamba.
Kaka Mhewa alipewa shamba la bondeni,
binamu, cherehani isiyo na sindano.
Mimi, Nyemo, niliachiwa maneno,
mistari minne iliyofungwa kwenye pindo la kitenge
kama mtu anavyofunga nauli:

        Ulicho si utakacho,
        acha jina, vaa bawa;
        kamba ni hicho ulicho,
        mbingu zimefunguliwa.

Weka chumvi ya Bahi chini ya ulimi.
Kipe mgongo kituo cha reli.
Kitaje kitu kwa jina lake, mara moja,
kama unamwita mtoto aje kula.
Usichague aina ya ndege. Huulizwi.

Nani hapa Kigwe anataka uganga wa kuongeza ndege?
Sisi tunaomtangulia jogoo
kupanda dungu na debe na teo,
tukapiga kelele mpaka sauti ikabaki ya mbuzi,
ili tule sisi, wasile wao?
Waganga wa kwingine huita mvua.
Shangazi, Mungu amlaze pema, aliita walaji.

Nilianza na kanga ya mama, kwenye kamba.
Nikasema: kanga.
Ikawa kanga.
Madoa yaleyale, meupe juu ya kijivu;
neno halikuhitaji hata kugeuka upande.
Akaruka ua, akaingia mtamani kwa miguu,
mama nyuma yake na mwiko:
"Rudi! Hajakusoma bado!"
Maana aliinunua mnadani Jumamosi,
na maandishi yake yalikuwa jibu
kwa jirani yetu, Mama Foloda.
Jibu sasa linadonoa mchwa.

Mdogo wangu Chilongani akaja na baiskeli mbovu.
"Igeuze ndege," alisema, "nifike Mwanza."
Nilimwambia, kuna ndege na ndege.
Hakusikia.
Akabaki ameshika kengele tu mkononi,
akimtazama korongo anavyoinuka,
miguu miembamba kama spoki.
Mpaka leo akisikia mlio angani
hatazami juu kwanza. Anauliza:
ni yupi, au ni ipi?

Mwaka ule mtama ulikauka ukiwa na mimba.
Masima wa duka akaja na daftari,
kalamu nyekundu sikioni,
akasimama mlangoni, akasoma
kama padri anavyosoma majina ya marehemu:
sukari nusu kilo. Mafuta ya taa lita moja.
Sanda, mita sita.
Sanda ya shangazi mwenyewe.
Chumvi ikapanda ulimini yenyewe.
Nikaita: deni.

Sikusema daftari. Kosa langu ni hilo.
Ningesema daftari tungepata ndege mmoja,
mweupe, mwenye mistari ya bluu, akaenda zake.
Nilisema deni, na kila mstari ukainuka,
wa kwetu, wa kina Foloda, wa Kigwe nzima,
videge vya rangi ya vumbi, midomo myekundu ya wino ule,
wakajikunja hewani kama shuka linalokung'utwa,
wakaelekea Manyoni.
Masima alibaki na jalada.
Tulicheka, jamani. Usiku ule
tulikula mlenda mtupu tukicheka.

Ila deni likiota mabawa halijalipwa.
Mwezi wa nne, mtama ukianza kuweka maziwa,
wanarudi.
Bwana shamba anawaita kweleakwelea,
anaandika barua wilayani.
Mimi nawasoma: nusu kilo, lita moja.
Wamezaana huko walikokwenda,
na hiyo ndiyo riba.

Napanda dungu. Napiga debe.
Katika wingu lile lote namtafuta mmoja tu,
yule wa mita sita.
Akitua kwenye suke
huyo simfukuzi.